Maswali ya Wasomaji: Chuo Kimoja, Mabewa Mengi

Kila mwaka, majina ya waliopata nafasi katika vyuo vikuu vya umma yakishatangazwa, barua tunazopokea kutoka Lamu na Malindi hubadilika. Wasomaji hawaulizi tena kozi gani ichaguliwe, bali huuliza namna ya kufika, mahali pa kulala, na fedha zitatoka wapi. Barua tulizozichagua kwa toleo hili zote zinakihusu, kwa njia moja au nyingine, Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo ambacho mzazi aliye mbali hukidhania kuwa ni uwanja mmoja wenye lango moja, kumbe mabewa yake yametawanyika kutoka katikati ya jiji hadi kaunti ya jirani, na mengine yako Mombasa na Kisumu.

SWALI: Assalamu alaykum. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na sisi nyumbani tumefurahi sana kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika huko. Shemeji yangu anakaa Eastleigh, na tulikuwa tumekwisha kupatana kwamba binti atakaa kwake, kwani tuliambiwa chuo kiko mjini. Sasa kijana mmoja wa mtaani ametwambia kwamba udaktari wa mifugo husomwa mahali paitwapo Kabete, na mwengine akaongeza kuwa Kabete ziko mbili. Je, hicho ni chuo kile kile? Binti atakaa wapi, na je, ataweza kusali na kula chakula cha halali? Mimi mwenyewe sijawahi kufika Nairobi, na moyo wangu haukubali kumpeleka mtoto wa kike mahali nisipopajua. (Mzazi, Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Pokea kwanza hongera zetu. Kozi aliyoipata binti yako ni ya miaka mitano na si ya watu wengi, na mji wa Lamu, ambao saruji, mchanga na mizigo yake hadi leo hupita vichochoroni juu ya migongo ya punda, una kila sababu ya kumfurahia mtoto wake anayekwenda kujifunza kuwatibu wanyama. Kituo cha kutibu punda kilichofunguliwa Lamu mwaka 1987 wewe wakijua kuliko sisi, na wajua pia jinsi wenye punda wanavyokitegemea.

Chuo ni kile kile. Kijana aliyekwambia habari za Kabete amesema kweli, na aliyesema kuwa Kabete ziko mbili naye amesema kweli, lakini wote wawili hawakukupa habari kamili. Makao ya udaktari wa mifugo ni Upper Kabete, upande wa magharibi wa jiji, ambako masomo ya tiba hufanyika mbele ya wanyama wenyewe. Hata hivyo, idara inayofundisha maumbile ya mwili wa mnyama na jinsi viungo vyake vinavyofanya kazi, masomo ambayo ndiyo msingi wa miaka ya mwanzo, iko Chiromo, bewa jingine lililo baina ya Westlands na katikati ya jiji. Kwa hivyo yawezekana kabisa binti yako akaanza Chiromo na kuhamia Upper Kabete baadaye. Usitosheke basi kuuliza ni bewa gani. Uliza ni bewa gani kwa mwaka wa kwanza na ni lipi baada ya hapo, na uulize kabla hamjalipia chumba wala kupatana na mwenyeji yeyote, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua nauli ya kila siku, aina ya malazi, na saa ambayo mtoto atalazimika kuamka.

Hiyo Kabete ya pili ni Lower Kabete, ambayo kwa miaka mingi imekuwa makao ya masomo ya biashara, jirani na Chuo cha Serikali cha Kenya. Majina yanafanana lakini njia si moja. Kwenda Upper Kabete mtu hushika barabara ya Waiyaki na kupita Kangemi, ilhali kwenda Lower Kabete huchepuka Westlands na kushika barabara nyingine kabisa. Mgeni aliyeshuka basi la usiku akiwa na sanduku mkononi, akisikia utingo wa matatu akiita "Kabete, Kabete", aweza kupanda bila kuuliza na kujikuta upande asioujua. Mfundishe binti yako kutaja jina lote, na ataje pia kuwa anakwenda chuo kikuu, maana eneo la Kabete lina taasisi nyingine kadhaa za elimu zenye jina hilo hilo.

Tuje kwa shemeji yako. Eastleigh iko mashariki ya jiji, na mabewa yote mawili yanayomhusu binti yako yako upande wa pili. Akikaa huko, kila asubuhi atapanda matatu hadi katikati ya jiji, atembee katika umati hadi kituo kingine, apande matatu ya pili, na jioni airudie safari hiyo wakati watu wote wa Nairobi wanarejea makwao. Kwa Chiromo hilo lavumilika kwa shida, lakini kwa Upper Kabete si mpango wa kumwekea mwanafunzi mwenye mihadhara ya asubuhi na kazi ya maabara inayoishia alasiri. Tungekushauri umfanye shemeji kuwa mwenyeji na mlezi, yaani mtu wa kumpokea siku ya kwanza, wa kumtembelea, na ambaye kwake binti ataenda siku za mapumziko na za sikukuu, lakini malazi ya kila siku yawe ndani ya chuo au karibu na lango la bewa lake. Twajua kwamba katika desturi zetu kumlaza mtoto kwa watu wengine huku ana jamaa mjini huonekana kama kumvunjia heshima jamaa huyo. Mweleze shemeji hali ilivyo mapema, naye atafahamu, kwani yeye aujua msongamano wa Nairobi kukupita wewe.

Mabweni ya chuo ni ya bei nafuu kuliko vyumba vya mitaani, nayo yametengwa ya wanawake na ya wanaume, ila hayatoshi wanafunzi wote. Nafasi huombwa kupitia intaneti, na anayechelewa hukosa. Ikiwa mtandao nyumbani si wa kutegemewa, mpeleke binti kwa mtu mwenye mtandao mzuri siku ile ile maombi yanapofunguliwa, akae hadi apate uthibitisho, kisha auchapishe na kuuhifadhi. Usimlipe mtu yeyote kwa simu kwa ahadi kwamba "ana kitanda" cha kumpa. Wazazi wa mbali ndio wanaowindwa zaidi na matapeli wa vyumba, kwa sababu hawawezi kwenda kukikagua walichokilipia.

Pengine utajiuliza kwa nini chuo kimoja kikatawanyika hivi. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi pembezoni mwa jiji, na mwaka 1961 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha London. Miaka michache baadaye kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, hadi mwaka 1970 kila kimoja kiliposimama peke yake. Udaktari wa mifugo ulikuwa ukifundishwa Makerere, ukahamishiwa Kabete mwaka 1962, mahali ambapo tayari palikuwa na maabara za serikali za mifugo. Udaktari wa binadamu ulipoanzishwa mwaka 1967 uliwekwa kando ya hospitali kuu ya taifa. Sheria ilipata makao yake Parklands, elimu ikaenda Kikuyu katika kaunti ya Kiambu, na mwaka 1983 chuo kiligawanywa rasmi katika ndaki sita, yaani vyuo vidogo vya ndani, kila moja na mkuu wake. Tangu 2021 mpangilio huo wa ndaki umekuwa ukibadilishwa kuwa wa vitivo, lakini majengo hayakuhama. Kwa maoni yetu mtawanyiko huu una faida ya kweli kwa mwanafunzi wa fani kama ya binti yako, ambaye hawezi kujifunza kumzalisha ng'ombe kutoka ghorofani mjini.

Katika idara ile ile ya maumbile ya wanyama tuliyoitaja ndipo alipofanya kazi marehemu Wangari Maathai, aliyepata shahada yake ya uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati, na baadaye akaiongoza idara hiyo, miaka mingi kabla ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mwambie binti yako habari hiyo. Ataingia madarasa ambayo mwanamke aliyapita mbele yake wakati hilo lilipokuwa jambo geni kabisa.

Kuhusu sala na chakula, usiwe na hofu. Wako wanafunzi Waislamu wa kutosha, nao wana jumuiya yao inayopanga sala, darasa za dini na futari ya mwezi wa Ramadhani. Westlands na Parklands, jirani na Chiromo, ni mitaa yenye Waislamu wengi wa miaka na miaka, na Msikiti wa Jamia uko katikati ya jiji, mwendo wa miguu kutoka bewa kuu. Upper Kabete ni mbali zaidi na mjini, kwa hivyo huko awatafute wanafunzi waliomtangulia tangu wiki ya kwanza. Wao ndio watakaomwonyesha mahali pa kusalia na pa kula. Kuvaa hijabu hakumzuii mwanafunzi kuhudhuria masomo, ingawa katika maabara na zizini atatakiwa kuvaa koti na mabuti kama wenzake.

Jambo jingine ambalo watu wa mwambao hulidharau ni baridi. Upper Kabete iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti jua laweza kupotea kutwa nzima. Mnunulie sweta nzito, soksi na blanketi, na asitegemee leso mbili alizokuwa akijifunika Langoni.

Safari yenyewe waijua mwanzo wake: mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Minjila na Garsen hadi Malindi na Mombasa, na kutoka Mombasa basi au treni hadi Nairobi. Akichagua treni, akumbuke kwamba kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya jiji, na bado atahitaji usafiri wa kumfikisha mjini. Kwa kuwa njiani mna vizuizi vya ukaguzi ambapo abiria huombwa vitambulisho, asiziweke karatasi zake ndani ya sanduku lililofungwa chini ya basi. Na twakusihi: ukiweza kwa namna yoyote, safiri naye mara hii ya kwanza. Fika siku moja au mbili kabla ya usajili, ulale kwa shemeji, na asubuhi nendeni pamoja mkalione bewa, mlango wa bweni na kituo cha matatu. Gharama ya nauli yako ni kubwa, twajua, lakini mzazi aliyepaona mahali mwanawe anapolala huweza kumshauri kwa simu mwaka mzima, na yule ambaye hakupaona hubaki kubahatisha.

Hapa tungependa vyuo vyetu vya umma vitusikie. Mzazi wa Kiambu akikosea bewa hupoteza nusu saa na nauli ya matatu. Mzazi wa Langoni au wa Faza akikosea, amekwisha kusafiri kwa bahari na kwa barabara siku nzima au zaidi, pengine kwa fedha za kukopa. Si mzigo mkubwa kwa chuo kuandika katika ukurasa wa kwanza wa barua ya mwaliko jina la bewa, barabara lilipo, na iwapo mwanafunzi atahama katikati ya kozi. Habari hizo zipo. Zinachotakiwa ni kumfikia mwenye kuzihitaji kabla hajafunga sanduku.

SWALI: Nina gredi ya B katika mtihani wa kidato cha nne, na nataka kusomea sheria. Nyumbani hatuna uwezo wa kugharimia maisha ya Nairobi, nami nimesikia kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kina bewa Mombasa. Rafiki zangu wananiambia kuwa shahada ya bewa la nje ya Nairobi haina uzito, na kwamba waajiri huiangalia mara mbili. Je, ni kweli? (Kijana, Barani, Malindi)

JIBU: Shahada hutolewa na chuo kikuu, wala haitolewi na bewa. Anayefaulu sheria Mombasa na anayefaulu Parklands husimama mbele ya mamlaka moja na kutunukiwa shahada moja ya chuo kimoja. Rafiki zako wamekosea katika hilo, na maneno kama hayo yamewakatisha tamaa vijana wengi wa pwani bila sababu.

Lakini usiishie hapo, maana mabewa ya chuo kimoja hayalingani kwa maktaba, kwa wahadhiri wala kwa idadi ya kozi, na katika sheria jambo hili lina uzito wa pekee. Baraza la Elimu ya Sheria hulikagua kila bewa kivyake na kulipa kibali kivyake. Kibali cha Parklands hakilifuniki bewa jingine. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha kwamba bewa unalolikusudia limo katika orodha ya sasa ya baraza hilo, kisha uulize chuoni kama kozi inafundishwa pale mwaka huu hadi mwaka wa mwisho, kwa sababu vyuo vingi vya umma vilifungua matawi kwa wingi na baadaye vikayapunguza. Nenda mwenyewe ukaone. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ingia maktaba, waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu kama wahadhiri wao wanakaa Mombasa au huja kwa ndege mwisho wa wiki, na kama mitihani hufanyika kwa wakati. Majibu yao yatakufaa kuliko kijitabu chochote chenye picha.

Gredi yako ya jumla inatosha, kwa kuwa kiwango cha chini ni C+, ila yatakiwa uwe umepata angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Itazame hati yako vizuri. Jua pia kwamba baada ya shahada kila anayetaka kuwa wakili hupitia Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, ambacho kiko Karen, Nairobi, kwa hivyo gharama za jiji unazozikimbia leo zitakungoja huko mbele. Hilo si la kukuvunja moyo. Kama familia itaokoa fedha kwa wewe kusoma karibu na nyumbani, iziweke kwa ajili ya masomo hayo ya Karen.

Na ikiwa sheria itashindikana, usidhani kwamba elimu ya chuo kikuu iko Nairobi tu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, njiani kwenda Mombasa, nacho kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2013. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa nacho kilipata hadhi hiyo, na kina mabewa yake Kwale na Lamu. Mwisho, ukiwa bado nyumbani, nenda ukakae katika Mahakama Kuu pale pale Malindi siku kesi zinaposikilizwa hadharani. Hakuna malipo, na baada ya wiki chache utajua kama kazi hii ndiyo uitakayo kweli.

SWALI: Mwanangu amepata nafasi Nairobi, lakini karo iliyoandikwa imetushtua. Tunasikia habari za ufadhili na za mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na wengine wanasema mkopo huo una riba. Tufanyeje? (Mama wa mwanafunzi, Siyu)

JIBU: Kiasi kilichoandikwa ni gharama yote ya kozi. Si lazima kiwe ndicho kitakachotoka mfukoni mwako. Katika utaratibu ulioanza mwaka 2023, ambao umebishaniwa hata mahakamani lakini ndio walioingia nao wanafunzi wa miaka hii, gharama hugawanywa sehemu tatu: ufadhili wa serikali usiolipwa, mkopo, na mchango wa familia, kwa kutegemea hali ya nyumbani. Haviji vyenyewe. Ni lazima mwanafunzi aombe kupitia intaneti na aeleze kwa ukweli kazi za wazazi, idadi ya ndugu wanaosoma na kipato. Mvuvi asiandike "mfanyabiashara" kwa kuona haya. Neno moja laweza kumweka mtoto katika kundi la wenye uwezo.

Ni kweli kwamba mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Hukumu yake ya kidini waulizeni maulamaa mnaowaamini, nasi hatutawatangulia. Tunachoweza kusema ni kwamba familia itakayoamua kuuacha ijue mapema pengo litakalobaki ni kiasi gani, na iombe basari ya kaunti na ya eneobunge mara tu fomu zinapotoka, pamoja na kuuliza misikitini na kwa wafanyabiashara wanaotoa msaada wa elimu. Anayengoja hadi wiki ya usajili hukuta fungu limekwisha kugawanywa.

Jambo la kufanya wiki hii ni kulinganisha majina. Katika visiwa vyetu si ajabu cheti cha kuzaliwa kiwe na Fatma, hati ya mtihani iwe na Fatuma, na kitambulisho kiwe na jina la babu ambalo halimo kwingine kokote, na tofauti kama hiyo yatosha kulisimamisha ombi la fedha. Kama mwanao ametimiza miaka 18 na hana kitambulisho, akakiombe sasa, kwa sababu mkopo, akaunti ya benki na laini ya simu vyote hukihitaji. Kama majina hayapatani, anzeni na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, mkichukua hati zote za asili pamoja na nakala zake, na mwulize karani iwapo mtahitaji hati ya kiapo kabla hamjaondoka dirishani, ili msilazimike kurudi Siyu na kupanda mashua tena kwa karatasi moja iliyosahaulika.